Mashine ya Wateja

Lawrence aliingia chumbani kwangu Jumanne saa nne asubuhi, akavua kofia, akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa kabla sijamkaribisha. Nilimtambua kwa sauti. Miaka saba nilikuwa nikiisikia sauti ile darasani, kwenye basi la Kampala, hata nikiwa kwenye sala, na kila mara ilisema maneno yale yale: moshi wenu ndio umemchoma.

"Daktari, tazama hizi vipele," alisema, akiinua kidevu. "Kila nikinyoa zinakuja. Shingo yote imekuwa kama gunzi la mahindi."

Yeye hakunitambua. Siku ile nilikuwa msichana wa hijabu nyeusi, nimekaa kwenye benchi la saluni yake nimeshika viatu vya dada yangu. Sasa nilikuwa na koti jeupe na barakoa, na kifuani kibandiko kilichoandikwa Faridah. Kina Faridah ni wengi Arua na Koboko.

"Nimesikia hapa iko mashine ya leza, ile nzuri," aliendelea. "Piga hii ndevu yote, iishe kabisa."

Sista Filda, muuguzi ninayefanya naye kazi katika kliniki hii ya ngozi upande wa Ediofe, hapa Arua, alikuwa akipanga taulo. Akageuka.

"Wee! Si wewe ndiye mwenye saluni ya Ngozi Mpya? Redio inakutangaza kutwa. Si uko na mashine yako?"

"Niko nayo, sista."

"Basi mbona hukujipiga mwenyewe?"

Lawrence akacheka, akajikuna chini ya taya. "Ile? Ah, sista. Ile ni ya wateja."

Filda naye akacheka, kwa sababu hakujua. Mimi nilikwenda kwenye sinki nikanawa mikono kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Kwetu Koboko, kwa Wanubi, bibi harusi haandaliwi kwa siku moja. Anawekwa ndani. Kwenye sakafu ya chumba cha Habuba Kaltuma, mama yake baba, palikuwa na shimo la kina cha mkono mmoja. Humo Habuba aliweka vipande vya mti wa talha, akavitia moto usio na mwali, na bibi harusi akakaa juu yake amefunikwa blanketi zito, jasho likitiririka, moshi ukimwingia. Kila jioni Habuba alimwinamisha, uso nao upate. Baada ya wiki chache ngozi inageuka rangi ya asali na inashika harufu isiyoisha kwa miezi. Siku za mwisho inakuja halawa, sukari iliyochemshwa na limau mpaka ikavutika kama mpira, ya kung'oa nywele zote kuanzia miguuni mpaka kidevuni. Habuba aliwaandaa mabinti wa mtaa wetu wote, na kabla yao aliwaandaa mama zao.

Dada yangu Medina aliota ndevu akiwa na miaka kumi na minane. Hazikuwa nyingi, nywele kama thelathini kidevuni na pembeni mwa mashavu, lakini zilikuwa ngumu na yeye alizijua moja moja. Halawa iliziondoa kwa siku nane au tisa tu. Alipochumbiwa na Muzamili, hofu yake ilikuwa moja: kwamba siku moja mume wake ataamka kabla yake, jua likiwa dirishani, na atamwona. Ndipo aliposikia redioni kwamba Arua kuna mashine inayomaliza nywele milele. Siku tatu kabla ya harusi, Habuba alipokwenda msikitini, Medina alitoroka chumba cha moshi. Nilikwenda naye. Mimi ndiye niliyebeba viatu.

Lawrence alimuuliza jina tu. Hakuuliza kwa nini uso wake una rangi ya manjano, wala kwa nini nguo zake zinanukia kuni. Hakuuliza nywele zilitolewa lini na kwa nini. Alipompiga mara ya kwanza Medina alipiga ukelele, naye akasema, "Vumilia kidogo, dada, ndiyo inafanya kazi." Akampiga kidevu, akampiga shavu hili, akampiga lile. Nilisikia harufu ya nyama.

Asubuhi uso ulikuwa na malengelenge. Siku iliyopangwa harusi yalikuwa yamepasuka, na kila pigo lilikuwa limeacha umbo la kichwa cha mashine, mstatili wenye upana wa vidole viwili, mmoja ukipakana na mwingine kama vigae ukutani. Baadhi vilibaki vyeusi ti. Vingine vilitoka rangi kabisa.

Baba mdogo Asuman alikwenda Arua kudai maelezo. Akarudi na yale maneno: moshi wenu ndio umemchoma, mashine yangu imeonyesha tu, waulizeni wazee wenu. Na Koboko ikayaamini, kwa sababu yalikuwa rahisi kuaminika. Mashine ilikuwa ngeni, hakuna aliyeijua. Moshi ulikuwa wa Kaltuma, kila mtu alimjua. Mama yake Muzamili alisema mikono ya yule kikongwe imeingia mkosi. Harusi iliahirishwa mwezi, ikaahirishwa tena, kisha tukasikia Muzamili ameoa kule Yumbe. Hakuna mama aliyemleta tena binti yake kwa Habuba. Siku moja nilimkuta amepiga magoti chumbani mwake, akijaza udongo kwenye lile shimo kwa viganja, akishindilia kwa ngumi.

Nilisoma ngozi kwa ajili ya ngumi zile. Watu huniuliza kwa nini nilichagua kazi hii, nami huwa natoa jibu zuri kuhusu kuwasaidia watu wetu. Ni kweli, nataka siku moja mwanamke yeyote wa West Nile atibiwe ngozi yake bila kusafiri wala kuogopa. Lakini mwanzoni nilitaka tu kujua nimshike Lawrence wapi.

Na nilijua. Mwanga wa mashine hutafuta weusi, ndiyo kazi yake. Weusi wa nywele ukishika mwanga, joto linakwenda mpaka kwenye shina na kuliua. Lakini sisi tuna weusi kwenye ngozi pia, tena juu, mlangoni. Mwanga wenye mawimbi mafupi unaukuta huo kwanza, unakaa hapo, unageuka moto. Mwanga wenye mawimbi marefu unapita chini, unalifikia shina, unaiacha ngozi salama, ili mradi nguvu iwe ndogo, ngozi ipozwe, na kwanza ujaribu mahali padogo ungoje uone. Mashine ya Lawrence, iliyopitia mpakani Oraba ndani ya sanduku la maturubai, ilikuwa ya aina ile ya kwanza, ya watu weupe. Na halawa ilikuwa imeng'oa nywele na mashina yake, kwa hiyo mwanga haukuwa na kitu cha kukitafuta isipokuwa Medina mwenyewe.

Moshi nao uliongeza. Lazima niseme ukweli huo, ijapokuwa ulinikera nilipoupata. Ngozi iliyokaa kwenye joto na kushika rangi haipigwi leza. Habuba hakujua. Atajuaje? Lakini aliyeshika mashine alikuwa na kazi moja kabla ya zote, nayo ni kuuliza.

Ndiyo maana nilipofungua chumba hiki niliandika fomu ya maswali saba. Hakuna mgonjwa ninayemgusa kabla hajayajibu kwa mdomo. Filda huyaita maswali ya polisi.

Lawrence aliipokea fomu ile, akaigeuza nyuma, akatia sahihi bila kusoma.

"Mimi iko na haraka, daktari. Jumamosi ya wiki ijayo naenda kujitambulisha kwa wakwe. Wewe piga leo. Kama ni sahihi, hiyo hapo."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa mweupe kuliko vifundo vya vidole vyake. Hiyo ni krimu ya kuchubua, hakuna anayeifanya kazi yangu asiyeijua ishara hiyo. Paji la uso lilikuwa na mstari mahali kofia ilipoishia, kwa hiyo alikuwa ameshinda juani siku nyingi. Ngozi iliyochubuliwa, iliyochomwa na jua, na mwenyewe anataka apigwe leo, na sahihi yake iko mezani.

Sikuhitaji kufanya ubaya wowote. Nilihitaji kunyamaza tu.

"Sista Filda," nikasema, "nenda utuletee barafu."

Barafu ilikuwepo tayari chumbani. Filda alinitazama, akatoka.

Nilimlaza Lawrence. Nikamfunika macho kwa vile vifuniko vya chuma vinavyozuia mwanga. Akawa kipofu, mikono kifuani, kidevu juu, anapiga mluzi mdogo. Nikawasha mashine. Nikaanza kupandisha nguvu. Nilipita namba ya ngozi kama yake. Nikapita ile ambayo mwalimu wetu alisema hatutaigusa maisha yetu yote. Nilikuwa nikifikiria mistatili. Kichwa cha mashine yetu ni cha duara, nikasikitika kwamba alama zake hazitafanana na za Medina. Wallahi, hilo ndilo lililonisikitisha.

Nikashika mkono wa mashine, nikaweka mguu kwenye pedali.

Na mdomo wangu ukasema, "Kidonda chako kikipona, kinaacha alama gani?"

Sikuwa nimeamua kuuliza. Mwaka mzima sijawahi kunyanyua ule mkono bila kuuliza kwanza, na sasa mwili ulijua njia peke yake.

"Alama? Nyeusi," alijibu. "Tena inakaa."

"Wiki nne zilizopita umekaa juani?"

"Mimi? Kila siku niko Oraba natoa mizigo. Jua ile, daktari, inapika mutu."

Nikauliza dawa anazomeza. Nikauliza ananyoa kwa wembe au anang'oa. Nikauliza krimu. Akasema kwa sauti ya chini, "Kidogo. Ya kung'arisha. Usimwambie sista." Nikauliza kama amefukiziwa moshi au kupakwa hina usoni.

"Moshi?" Akacheka chini ya vifuniko. "Mimi si Mnubi. Hao ndio wanajifukiza kama samaki. Nilimpiga mmoja hapo zamani, akaungua, ukoo mzima ukaja juu yangu."

Mguu wangu ulikuwa bado kwenye pedali.

Swali la saba linasema: unaharakia sherehe gani? Niliandika lile kwa ajili ya Medina peke yake. Sikuliuliza, kwa sababu jibu lake alikuwa amekwisha kulitoa, na kwa sababu mlango ulifunguka. Filda alisimama na bakuli la barafu. Alikuwa amesikia kuhusu jua na krimu. Akatazama namba kwenye kioo cha mashine, akanitazama mimi, akaja polepole akaizima.

Niliondoa vifuniko. "Leo hupigwi," nikasema. "Acha krimu. Kaa mbali na jua. Wiki nane. Halafu nitajaribu mahali padogo chini ya taya, tungoje tuone. Ukipigwa leo utaungua."

"Wiki nane! Sasa naenda kwa wakwe na uso huu?"

"Utakwenda na uso huu."

Alipotoka akiguna, Filda alifunga mlango. Sikumficha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ukirudia kupandisha hiyo namba, mimi mwenyewe nitakuripoti." Akanipa kipande cha barafu nishike mpaka kiyeyuke.

Ijumaa nilikwenda Koboko. Medina alikuwa uani upande wa nyuma, anasuka tabaga, zile kawa za rangi tunazofunikia chakula. Tangu siku zile anasuka tu, na akitoka nje anafunika uso mpaka macho. Siri ya mgonjwa haitolewi, hiyo nilifundishwa siku ya kwanza. Nikaitoa.

Aliendelea kusuka nilipokuwa nikisema. Nilipofika kwenye pedali, sindano ilisimama.

"Alikuwa amelala?"

"Amelala."

"Macho yamefunikwa?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukamuuliza kama anapaka krimu." Akacheka, kicheko kibaya. "Mdogo wangu! Mimi nimekaa ndani miaka saba, namwomba Mungu ampitishe huyo mtu mbele yangu mara moja tu, na Mungu anamleta kwako, anamlaza kabisa, na wewe unamuuliza maswali!"

"Ni maswali yako, Medina."

"Basi sikukutuma uyaandike."

Habuba Kaltuma alikuwa amekaa kwenye mkeka kizingitini, tasbihi mkononi, na sisi tulidhani amesinzia. Akasema, "Alisema nini kuhusu moshi?"

Nilimweleza. Hata lile la samaki.

Habuba akazungusha punje mbili tatu za tasbihi. "Lakini ni kweli," alisema. "Nilimfukiza mimi."

Medina aliitupa ile tabaga ukutani. "Umeona?" aliniambia. "Umeona alichomfanya? Mimi uso, yeye hivi." Akasimama, akaingia ndani, akarudi na baibui ya Habuba mkononi. "Kesho ni Jumamosi. Saluni inajaa. Tunakwenda watatu."

"Kufanya nini?"

"Kumwomba mkono wake."

"Usiseme alikuja kwangu. Hilo nakuomba."

"Sitasema. Sina haja."

Ngozi Mpya ilikuwa imejaa kama alivyosema. Wanawake walikaa kwenye mabenchi, wengine vichwa vimefungwa mifuko ya plastiki, harusi zikiwa nyingi mwezi ule. Msichana mmoja alikuwa amekwisha kulazwa kwenye kiti cha nyuma, pazia likiwa wazi, taulo shingoni, na Lawrence alikuwa akiunganisha mashine. Shingo yake mwenyewe ilikuwa imevimba vipele.

Medina alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya chumba, akafunua uso.

Lawrence akamtazama kwa huruma ya biashara. "Pole, dada. Nani alikufanya hivyo? Lakini usiogope. Hizo alama tunaondoa. Mara tatu tu na hii mashine, zinakwisha."

Hakumkumbuka. Nafikiri hapo ndipo lolote la huruma lililokuwa limebaki ndani yangu lilipokwisha.

"Wewe ndiye uliyenifanya," alisema Medina. "Na hii mashine."

Lawrence akatazama tena, akamwona Habuba, kikongwe wa Kinubi, nyuma yake, akaelewa. "Ah! Ile ya moshi." Akawageukia wateja, mikono wazi. "Mama zangu, msitishike. Hawa ni Wanubi. Wanakaa juu ya moto wiki nzima, halafu wakiungua wanatafuta mutu. Mashine yangu haichomi mutu."

"Sawa," Medina alisema. "Wewe hukai kwenye moshi. Kunja shati. Jipige mara moja, hapo mkononi, tuone. Ukitoka salama, nitapita redioni nikuombe msamaha mbele ya watu wote kwa maneno yetu."

Mwanamke mmoja mwenye plastiki kichwani akasema, "Hiyo ni haki. Jipige."

"Mimi niko na kazi, mama. Mteja anangoja."

"Mteja anangoja aone," alisema yule msichana wa kwenye kiti, akainuka nusu.

Lawrence akakunja mkono mmoja wa shati. Akachukua kichwa cha mashine. Kisha macho yake yakanifikia. Niliona akinitambua mara mbili kwa pamoja, daktari wa Jumanne na msichana wa viatu. Siri ya mgonjwa ni siri, na nilikuwa nimekwisha kuivunja mara moja. Lakini hakuna sheria inayokataza kumtazama mtu, nami nilimtazama kama nilivyomtazama alipokuwa amelala, na yeye alijua ninachokijua: kwamba ile ni ya wateja.

Akashusha mkono wa shati.

"Mwanamume mzima anaogopa taa!" mtu alipiga kelele mlangoni, na wanawake wakaangua kicheko.

"Si kuogopa! Hii mashine haikutengenezwa kwa mkono. Ni ya uso!"

"Basi piga uso! Hiyo shingo yako si ndiyo inahitaji?"

Hapo mwanamke aliyekaa kwenye kona, kitenge kimezungushwa shingoni licha ya joto, alisimama. Nilikuwa sijamwona kabla. "Mimi naitwa Annet," alisema, "natoka Logiri. Nimekuja kwa krimu yake ya kuondoa alama, mara ya nne sasa. Kila nikija ananiambia nilikaa karibu na moshi." Akaanza kufungua kitenge. "Kwetu Logiri moshi ni wa kupikia maharagwe. Hakuna mutu anaukalia."

Kitenge kikaanguka. Shingoni, chini ya sikio, kulikuwa na mistatili minne, upana wa vidole viwili, ikipakana kama vigae.

Habuba alimwendea. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo aliipima kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Akarudi kwa Medina akaipima ya shavuni. Akaenda tena kwa Annet.

"Na wewe, mwanangu, nani alikufukiza?"

"Hakuna, mama. Hakuna aliyenifukiza."

Habuba akamgeukia Lawrence. Kiswahili chake ni kile cha kambini, cha baba yake aliyekuwa askari.

"Wewe kijana," alisema. "Miaka saba mimi nasali usiku na mchana, naomba Mungu asamehe mikono yangu. Hiyo sala yote ilikuwa deni yako. Sasa anza kulipa wewe."

Hakupandisha sauti. Yule msichana wa kwenye kiti alivuta taulo shingoni akaitupa chini, akatoka. Mwenye plastiki akamfuata, na plastiki yake kichwani. Walitoka mmoja mmoja, wakimpita Lawrence bila kumuaga, na kila aliyempita alitazama shingo yake yenye vipele, kisha mashine, na nilijua kwamba kabla ya adhuhuri soko lote la Arua litakuwa limejua. Medina alitoka wa mwisho. Hakufunika uso. Mlangoni aligeuka akamwambia kwa sauti ya chini, "Nilitaka mdogo wangu akuchome. Nimeona hii inauma zaidi."

Jumatatu Medina na Annet waliandika maelezo yao kwa ofisi ya afya ya wilaya, nami nikaandika ya kwangu kuhusu mashine, na nikaongeza ukurasa kuhusu lile nililokaribia kulifanya, kwa sababu Filda alisema ningelala vizuri nikiandika. Kliniki ikanipa onyo. Watu wa afya wa wilaya walikuja Ngozi Mpya wakaitia ile mashine lakiri. Sikusikitika hata kidogo.

Juma lililofuata jirani yetu wa Koboko alibisha hodi kwa Habuba, binti yake nyuma yake. Habuba aliomba jembe. Nilitaka kumchimbia, akanikataza. Alichimba mwenyewe, polepole, akipumzika, mpaka udongo ule alioushindilia kwa ngumi ukatoka wote, na shimo likawa pale pale lilipokuwa. Kabla hajaweka kuni alimkalisha binti mbele yake akamuuliza, "Kuna taa yoyote unakwenda kupigwa usoni? Sema sasa." Medina, aliyekuwa akikoroga halawa, alinitazama. Hatukucheka, lakini ilibaki kidogo tu.

Wiki nane zilipotimia, Lawrence alikuja. Sikutegemea. Vipele vilikuwa vimeshuka mpaka kifuani, na hapa kwetu hakuna kwingine. Alikaa kitandani bila kuvua kofia, akangoja nimkaribishe.

Nilimuuliza maswali yote saba, polepole, na safari hii aliyajibu yote. Vifundo vya vidole na uso vilikuwa vimeanza kufanana rangi. Filda alipaka jeli baridi chini ya taya, akasimama karibu na kioo cha mashine, mikono amekunja. Nikamfunika Lawrence macho.

Aliinua kichwa kidogo nilipowasha. Mashine inatoa mlio mdogo kama mbu.

"Daktari," alisema. "Umeweka ngapi?"

Niliiangalia namba. Ilikuwa ndogo, ndogo kuliko ninayowawekea wengi, pigo moja la kujaribu, na baada yake angengoja wiki mbili kama kila mtu. Nilikuwa nimeipima mara tatu. Filda alikuwa ameipima mara ya nne. Kesho yake Medina alikuwa aje Arua kwa pigo lake la kujaribu, kwenye kigae kimoja cheusi shavuni, na nilitaka mkono wangu uwe umezoea kuwa sahihi.

"Nimeweka namba ya usalama," nikamwambia.

Vidole vyake vilishika ukingo wa kitanda. Nilimwambia ukweli, na niliona wazi kwamba hakuniamini. Nikamwacha hivyo, nikahesabu moja mpaka tano, kisha nikakanyaga pedali.